Je, wajua Wayahudi hulaje chakula cha moto siku ya Sabato bila kuwasha moto?

Torati, katika kitabu cha Kutoka 35:3, inakataza kuwasha moto majumbani siku ya Sabato, na Mishna, mkusanyo wa sheria za mapokeo ya Kiyahudi uliokamilishwa mwanzoni mwa karne ya 3, inaorodhesha aina 39 za kazi zilizokatazwa siku hiyo, kupika kukiwamo. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Wayahudi wanaoshika sheria, mlo wa Jumamosi mchana huwa wa moto.

Kwa mafundisho ya marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, kilichokatazwa ni kuwasha moto, si kuuacha uliokwisha kuwashwa uendelee kuwaka. Kwa hiyo chungu cha maharage, shayiri, viazi na nyama huinjikwa Ijumaa kabla ya jua kutua, Sabato inapoanza, kikaiva polepole usiku kucha; Wayahudi wa Ulaya Mashariki hukiita cholent, na wengi wa asili ya Hispania na nchi za Kiarabu hukiita hamin. Mishna iliagiza makaa yaondolewe au yafunikwe majivu, mtu asije akajisahau na kuyachochea. Siku hizi wengi hufunika jiko kwa bati au hutumia sahani ya umeme isiyo na kitufe cha kubadili joto.

Chungu hiki kimebeba pia mabishano ya kale, na kwangu hapo ndipo penye uzito. Wakaraiti, Wayahudi wasiokubali mapokeo ya marabi, waliielewa aya ile kuwa inakataza moto wowote nyumbani, hivyo wengi wao walikaa gizani na kula chakula baridi. Marabi walisisitiza kinyume chake, hata katika karne ya 12 mmoja wao, Zerahia Halevi, akaandika kwamba asiyekula chakula cha moto siku ya Sabato anastahili kushukiwa uzushi wa kidini.

Ugumu wenyewe, basi, hauko Jumamosi bali Ijumaa. Mjini London, mwezi wa Desemba, jua hutua kabla ya saa kumi alasiri, na mishumaa ya Sabato huwashwa mapema zaidi. Mfanyakazi anayeshika sheria hulazimika kukubaliana na mwajiri wake aondoke mapema, kisha afidie saa hizo siku nyingine, ilhali chungu kiwe kimeinjikwa tangu asubuhi au usiku wa kuamkia Ijumaa.