Kujua kuogelea hakuchukui nafasi ya jaketi okozi

Waulize wanaonunua boti ya kwanza hapa Tanga kwa matembezi ya Jumapili, wengi watakwambia: "Jaketi ni la wageni. Mimi mtoto wa Raskazone, naogelea tangu mdogo." Sawa, lakini hilo ni jibu la swali jingine kabisa.

Anayedondoka kwenye boti mara nyingi hajaruka kwa hiari. Wimbi limemkuta kasimama, au kajigonga kichwa ukingoni. Aliyezirai haogelei, jaketi lililotengenezwa kwa kazi hiyo humgeuza uso juu apate kupumua. Hata mwenye fahamu zake, msimu wa kusi boti tupu husukumwa na upepo ikamwacha mwogeleaji hodari akiifukuza. Mashine ikiwa bado inaunguruma ndiyo balaa zaidi. Ndiyo maana ipo ile kamba ya kuzimia mashine: ncha moja kwenye swichi, nyingine imefungwa mkononi mwa nahodha. Wengi huiacha inaning'inia kama pambo.

Jaketi livaliwe kabla ya kung'oa nanga, vifungo vyote vibanwe. La mtu mzima halimfai mtoto: akiingia majini linampanda masikioni, yeye anachomoka kwa chini. Na lile la chini ya kiti? Jaribu kulivaa ukiwa ndani ya maji, hapo hapo ufukweni, uone.

Ule usemi wa "sibebi abiria, sihitaji karatasi" nao usikudanganye. Usajili na ukaguzi wa vyombo vidogo uko chini ya TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Anzia huko, kisha ndiyo ukazunguke kisiwa cha Toten.