Ditekta za Mwanzo za Dhahabu na Kelele za Udongo

Mimi ni fundi wa vifaa vya elektroniki, na ditekta za wachimbaji wadogo, yaani mashine za kutambua metali iliyofichika ardhini, ndizo zinazochukua muda wangu mwingi mezani. Anayeniletea mashine huuliza kwanza inashuka futi ngapi. Mimi humuuliza udongo wa kwao ni mwekundu au mweupe, kwa sababu udongo ndio uliowasumbua wabunifu wa mashine hizi kwa zaidi ya nusu karne.

Dalili ya tabu hiyo ilionekana hata kabla mtu hajafikiria kutafuta dhahabu kwa umeme. Mwaka 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell, yule wa simu, alijaribu kuitafuta risasi mwilini mwake kwa kifaa cha koili (waya uliozungushwa duara) na kisikizi. Katika majaribio kifaa kilifanya kazi vizuri, lakini kando ya kitanda cha mgonjwa kilitoa mlio usioeleweka. Baadaye ikabainika kwamba chini ya godoro alilolalia kulikuwa na jingine la nyuzi za chuma. Koili husikia kila kilicho karibu nayo, na haina namna ya kujua wewe unatafuta nini.

Aliyeifanya ditekta kuwa bidhaa ni Gerhard Fischer, Mjerumani aliyehamia Marekani, ambaye huko jina lake likaandikwa Fisher. Alikuwa akishughulika na vyombo vya redio vya kuelekezea ndege, akagundua kwamba vipimo vilipotoka pale palipokuwa na metali au miamba yenye madini. Kosa hilo akaligeuza kuwa kifaa, akakiita Metalloscope, na hataza yake ikatolewa mwaka 1937. Kilikuwa masanduku mawili kwenye mpini mmoja, moja likirusha mawimbi na jingine likipokea. Kwa mabomba na mishipa mikubwa ya madini kilifaa, ila punje ya dhahabu ilikipita bila habari.

Vita Kuu ya Pili ilileta mashine za kutafutia mabomu ya ardhini, ikiwemo ile ya Józef Kosacki, ofisa wa Kipolandi, iliyotumika katika mapigano ya El Alamein, Misri, mwaka 1942. Vita vilipokwisha, mashine za jeshi la Marekani za aina ya SCR-625 ziliuzwa kama mali ya ziada, na baadhi ya wanunuzi wakaenda nazo kutafuta dhahabu.

Mashine nyingi za kiraia zilizofuata zilikuwa na saketi mbili za kutikisa umeme, moja yenye masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) yasiyobadilika na nyingine ikiendeshwa na koili ya chini. Tofauti ya masafa hayo ndiyo uliyoisikia kwenye hedifoni. Niliwahi kuletewa moja ya namna hiyo. Niliiweka kivulini, nikaurekebisha mlio ukawa mzito na mtulivu, kisha nikaitoa juani. Baada ya dakika chache mlio ulikuwa umehama wenyewe bila metali yoyote kukaribia. Dhahabu huyapandisha masafa ya koili kidogo, nao udongo wenye magnetiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, huyashusha. Kwa hiyo ukiinua koili sentimita mbili juu ya udongo wa namna hiyo, mlio hupanda kama vile umepita juu ya dhahabu. Mtafutaji alihitaji mkono usioyumba na subira ya mvuvi.

Miaka ya 1970 zilikuja mashine za masafa ya chini sana, zilizoweza kutofautisha wakati ambao mwitikio wa magnetiti unafika na ule wa metali, hivyo kuufuta mwitikio wa udongo. Zilikuja kwa wakati wake, kwani bei ya dhahabu, iliyokuwa dola 35 kwa aunsi hadi 1971, ilifika dola 850 Januari 1980. Mwezi Septemba mwaka huohuo, Kevin Hillier alikuwa akipita na ditekta ya Garrett karibu na Kingower, katika jimbo la Victoria, Australia, alipopata bonge la kilo 27 lililosimama wima, sentimita 30 tu chini ya ardhi. Bonge hilo likaitwa Hand of Faith, na kasino moja ya Las Vegas ikalinunua kwa zaidi ya dola milioni moja.

Hata hivyo, udongo mwekundu wa Australia ulikuwa na chembe laini za maghemiti, madini mengine ya chuma, ambazo ujanja huo haukuzitosha. Dawa yake ilikuwa kurusha umeme kwa mapigo mafupi, kuuzima, kisha kusikiliza, kwa maana mikondo ya umeme inayoamshwa na mapigo hayo na kujizungusha ndani ya metali huchelewa kufa. Maghemiti nayo huchelewa kidogo. Ndipo Bruce Candy wa kampuni ya Minelab, Adelaide, akatumia mapigo ya urefu tofauti na kulinganisha miitikio yake ili sehemu ya udongo ijifute. Mashine yake, SD2000, ilitoka mwaka 1995, na watu wakarudi kwenye maeneo yaliyokwisha kupigwa ditekta mara nyingi, wakatoa dhahabu iliyokuwa chini zaidi.

Dhahabu ya vumbi bado haishikwi, kwa kuwa mikondo ndani ya chembe ndogo kiasi hicho hufa kabla mashine haijaanza kusikiliza. Isitoshe, mashine za mapigo ni dhaifu katika kutenganisha chuma na dhahabu, kwa hiyo siku nzima ya kuchimba huweza kuishia kwenye mfuko wa misumari.