Gari Mokowe, mwenyewe Amu: maneno ya barazani kuhusu paking

"Kuacha gari nje ya mji ukapanda basi, hayo mambo ya Wazungu." Nimeyasikia barazani Malindi, na msemaji alikuwa amerudi kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, juzi yake. Nikamuuliza gari aliliacha wapi. Mokowe, upande wa bara, karibu na gati. Halafu? Akapanda boti. Si ndiyo hayo hayo! Oxford, Uingereza, walifungua kituo chao cha kudumu cha kuacha gari na kupanda basi mwaka 1973 ili magari yasijae katikati ya mji wao wa kale. Amu iliyoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001 bahari ilishaifanyia kazi hiyo. Na hata bila bahari, gari lingepita wapi? Kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya Amu, ukikutana na punda kabeba mawe ya kujengea, unajibanza ukutani hadi apite, na kanzu isipopata vumbi shukuru.

Lakini kuna wanaozidisha kwa upande wa pili, wanadhani kiwanja cha magari nje ya Malindi peke yake kitaondoa msongamano. Mtafiti Graham Parkhurst alionyesha miaka ya 1990 huko Uingereza kwamba baadhi ya waliokuwa wakipanda basi tangu nyumbani walianza kuendesha gari hadi kituoni. Mokowe inafanya kazi kwa sababu boti ipo na barabara ya kuvukia haipo. Malindi barabara ipo, na kama tuktuk ya kukufikisha sokoni haipo, nani ataacha gari lake huko?

Na ada ya paking, inakwenda Nairobi? La. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti barabara zao, trafiki na uegeshaji, na mahali hapo hapo likataja vivuko. Viwango vya Malindi vinapitishwa na Bunge la Kaunti ya Kilifi, na Kifungu cha 196 kinalitaka liwashirikishe wananchi. Wengi wetu twangoja siku kanjo, askari wa kaunti, ameshafunga cheni kwenye gurudumu ndipo tupate maoni.

Kauli inayonichekesha zaidi ni kwamba paking ya bure huleta wateja. Ami yangu ana duka Malindi, mbele yake zinaingia gari mbili tu. Saa mbili asubuhi anaweka Probox yake nafasi ya kwanza, jirani anaweka yake ya pili, na hapo hazitoki hadi saa kumi na moja jioni. Mchana kutwa analalamika wateja wanapita bila kusimama. Nikamwambia, "Ami, hizo ni saa tisa nzima, kila mtu akikaa nusu saa, nafasi moja ni wateja kumi na wanane." Akanitazama, akaendelea kupima mchele.

Donald Shoup, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alishauri bei iwe ya kiasi cha kubakisha nafasi moja au mbili wazi kila mtaa, isizidi hapo. Tiketi ya siku nzima haiwezi kufanya hivyo, maana ukishalipa huna haraka ya kuondoka. Ya kulipia kwa saa ndiyo inayokuinua kitini.

Ami ameahidi kuihamishia Probox uani. Jana asubuhi nilipita, ilikuwa bado mlangoni.