Ulemavu unaozidi mwaka hadi mwaka: maswali na majibu kwa wakaaji wa Goma

Miguu yangu inazidi kulegea. Je, ndiyo basi?

Kwanza ujue jina la ugonjwa. Distrofia ya misuli (ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli) na Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa) huzidi polepole, na hadi leo hakuna dawa ya kuviondoa kabisa. Lakini kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho hulegeza miguu, na hicho kinatibika ukimeza dawa hadi mwisho. Upungufu wa vitamini B12 pia una dawa yake. Konzo, ile inayoletwa na mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, hukaza miguu ghafla kisha haiendelei. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "hii itazidi tu" na mtu ambaye hajakupima mgongo, nguvu za misuli na damu.

Kila mtu ananiambia nivumilie.

Uvumilivu unasaidia siku ya maumivu, ila haukuwekei bomba la kushikilia mlangoni. Mwili unaoupangia leo si ule utakaokuwa nao mwakani, na anayebaki imara ni yule anayeamua hatua moja mapema, wakati viungo bado vinamtii. Hatua moja tu. Ukianza kufikiria ya miaka kumi ijayo, hutalala. Ukiona unapanda kizingiti kwa kushika ukuta, weka bomba hilo sasa, usingoje kuvunja nyonga. Ukianguka mara mbili ndani ya mwezi mmoja, tafuta fimbo.

Fimbo si itanifanya mzee?

Wengi husema hivyo, kisha huacha kutoka nyumbani. Misuli isiyotembezwa hudhoofika mara mbili: kwa ugonjwa na kwa kukaa.

Simama wima ukiwa umevaa viatu vyako vya kila siku, mikono ikining'inia, mtu apime kutoka chini hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Huo ndio urefu wa fimbo. Ikizidi, bega linapanda na shingo inauma; ikipungua, unainama mbele na kuanguka. Ishike upande wa mguu wenye nguvu, na uisogeze pamoja na mguu dhaifu. Hapa karibu kila mtu hukosea, maana akili hutaka kuiweka palipo na maumivu. Kwenye ngazi, panda na mguu wenye nguvu kwanza. Ukishuka, tanguliza fimbo na mguu dhaifu. Halafu mawe yetu ya lava hula raba ya chini haraka sana. Iangalie kila wiki, na mistari yake ikifutika, badilisha.

Ikifika saa sita mchana sina nguvu tena.

Zigawe kama pesa ya sokoni kabla hujatoka. Bidoni (dumu) ya maji ya lita 20 ni kilo 20: chota kwa vibidoni vya lita 5, au mlipe kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Babula, yaani jiko la makaa, iliyo chini inakulazimisha kuchuchumaa na kuinuka, na kuinuka huko ndiko kunakomaliza mapaja. Ipandishe juu ya matofali imara hadi usawa wa goti, nje penye hewa, upike ukiwa umekaa kwenye kiti kisicho kifupi. Pumzika dakika 10 kabla hujachoka, si baada ya kuchoka.

Mazoezi yawe mepesi. Kama misuli bado inauma au imelegea kesho yake, punguza nusu. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi baada ya kazi ngumu, nenda hospitali siku hiyohiyo: misuli imevunjika na mafigo yako hatarini. Nyoosha shavu la kila mguu sekunde 30, mara tatu kwa siku, la sivyo kisigino kitaacha kugusa chini.

Na kiti cha magurudumu?

Magurudumu madogo ya mbele huzama kwenye changarawe, kiti kinasimama, mtu anarushwa mbele. Kwa barabara zetu tafuta kile kirefu cha magurudumu matatu. Kati ya nyonga na ubavu wa kiti paingie kidole tu, na ubao wa miguu uwe angalau sentimita 5 juu ya ardhi. Kila nusu saa inamia magoti dakika moja au mbili ili damu ifike matakoni. Jioni kagua ngozi kwa kioo. Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu. Tafuta doa lililozidi weusi, lenye joto au gumu, na usilikalie hadi liishe.

Mteremko wa mlangoni: kila sentimita 1 ya kimo inataka 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mita 1.80. Kwa vipimo vya kiti na vifaa, vituo vya watu wenye ulemavu vya Shirika la Umoja hapa Goma na Heri Kwetu kule Bukavu vinaijua kazi hiyo.

Mume wangu anakasirika nikimsaidia.

Mama, muulize "nikusaidie vipi?" kabla hujamshika, na usimvute kwa mkono, bega linaweza kuchomoka. Kila anapopoteza kitu huomboleza upya, na hilo si udhaifu. Mwachie maamuzi anayoyaweza: pesa, mialiko, masomo ya watoto. Ila akikaa wiki mbili bila hamu ya chochote, halali wala hali, mpeleke kwa munganga (daktari). Akitaja kufa, mpeleke leo, na asiachwe peke yake.

Volkano ikilipuka tena?

Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuondoka. Chagua sasa watu wawili wa avenyu yako na uwaambie waziwazi kwamba ni wao. Mfuko uwe tayari: dawa za siku 14, fishi (kadi) ya hospitali, viraka na pampu ya kiti. Anayemeza dawa ya prednisoloni kila siku asiikatize ghafla hata akiwa njiani, inaweza kumuua. Asiyeweza kushikilia kwenye moto (pikipiki) akae kati ya dereva na msaidizi, na kiti chake kipakiwe kwenye pikipiki ya pili. Fanyeni jaribio siku ya utulivu na mpime dakika mtakazotumia, kuanzia kitandani hadi barabarani.