Saa ya faiwoli ikidanganya, usiiguse kwanza

Kuna kijana mmoja alibakiza kidogo tu apewe barua ya onyo kwa sababu ya saa. Seva ilikuwa imeingiliwa, logi ya seva (kumbukumbu inayojiandika kila tukio na saa yake) inasema mtu kaingia 02:14:37 usiku, logi ya faiwoli, kile kifaa kinachochuja mawasiliano ya mtandao, inaonyesha muunganisho umetoka nje 23:14:37 ya siku iliyotangulia, yaani masaa matatu kabla, na muda huo kijana ndio alikuwa zamu. Kikao kikaanza kumbana, ulikuwa unafanya nini, ulimfungulia nani njia, na mimi nimekaa pale nazikodolea macho zile namba mbili mpaka nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona tangu mwanzo: dakika 14 na sekunde 37 zinafanana. Tofauti ni masaa 3 kamili, haijazidi hata sekunde moja. Sasa nani anafungua muunganisho halafu anasubiri masaa matatu kwa kipimo cha sekunde ndio aingie? Lilikuwa tukio moja, faiwoli inaandika kwa UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima), seva inaandika kwa saa za eneo, ambazo kwetu ziko masaa 3 mbele ya UTC, na hakuna logi hata moja kati ya hizo iliyotaja inatumia saa ipi.

Ndio maana siku hizi nikiitwa kwamba saa kwenye logi za faiwoli haziko sawa, nawaomba watu wasiguse chochote kwanza. Ukishairekebisha tu umepoteza ushahidi wa imekosea kwa kiasi gani, na hicho kiasi ndicho kinachokuambia tatizo liko wapi.

Kosa la saa lina umbo lake. Ikiwa ni masaa kamili, au nusu saa kamili, au hata dakika 45 (kuna maeneo duniani yako hivyo, Nepal wako +05:45), hapo saa yenyewe huenda ni nzima kabisa na tatizo ni ukanda wa saa. Ikiwa ni sekunde chache ambazo wiki ijayo zimekuwa nyingi zaidi, saa inateleza na hakuna anayeirudisha, maana kile kipande cha kwatzi kinachohesabu muda ndani ya mashine kikikosea sehemu 20 kwa milioni tu tayari ni sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika nzima kwa mwezi. Ikiwa logi zinaanza mwaka 1970 au 1993, mashine imewaka bila kukumbuka leo ni lini, na mara nyingi ni betri ndogo ya kwenye ubao mkuu imekufa. Wanaotumia vifaa vya mtandao vya Cisco wanaijua vizuri ile Machi 1 ya 1993, na wanajua pia kwamba nyota mbele ya tarehe ni kifaa chenyewe kinakuambia usiniamini saa yangu. Na ikiwa saa inaruka mbele na nyuma bila mpangilio, tafuta mabosi wawili wanaogombania saa moja, hasa kama faiwoli inakimbia kwenye mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine): NTP, utaratibu wa kuchukua saa sahihi kupitia mtandao, inavuta huku, programu ya mashine mwenyeji inavuta kule.

Kabla ya kuamini umbo hilo lakini, hakikisha ni faiwoli kweli. Mstari mmoja wa logi unaweza kugongwa muhuri wa saa mara tatu, na mimi nimeona watu wanashinda siku nzima kwenye faiwoli isiyo na kosa lolote. Faiwoli inaandika saa yake. Seva inayokusanya logi nayo inaandika saa iliyopokea, na kwenye rsyslog (programu ya kukusanya logi) hivi ni vitu viwili tofauti, timereported ni ile ya mtumaji na timegenerated ni ya kupokelewa, kwa hiyo foleni ikikwama dakika kumi logi zote zinaonekana zimechelewa dakika kumi wakati chanzo kiko salama. Halafu dashibodi nayo inageuza kila kitu kwenda saa ya brauza ya anayeangalia, watu wawili kwenye mikoa tofauti ya dunia wanaangalia tukio moja wanabishana. Dawa yake: ingia kwenye faiwoli yenyewe, fungua faili ghafi, soma mstari ulivyo. Halafu tengeneza tukio lako mwenyewe, toka kwenye kompyuta ambayo saa yake umeihakiki tuma pakiti kwenye poti iliyofungwa, andika sekunde uliyotuma, kisha fuata ule mstari kituo kwa kituo mpaka uone ni wapi saa inabadilika. Inachukua dakika tano na inamaliza ubishi wote.

Ukishakuwa ndani ya faiwoli, andika amri ya date, inayoonyesha saa ya eneo, halafu date -u, inayoonyesha UTC. Mi naona hapa ndio njia panda. UTC ikiwa sahihi na saa ya eneo ikawa mbovu, usiiguse saa, nenda kwenye mipangilio ya ukanda. UTC yenyewe ikiwa mbovu, nenda kwenye NTP na betri. Kosa ninalokutana nalo sana ni mtu anaona saa imepishana na ya ukutani, anaiweka kwa mkono mpaka ifanane, kumbe ukanda umeachwa kwenye UTC, sasa amevuruga UTC ili saa ya ukutani ipendeze, na NTP ikija inairudisha pale pale na yeye analalamika kwamba NTP inaharibu.

Na ukanda wenyewe una mitego. Ukiweza kuchagua jina la mji chagua jina la mji. Yale majina ya Etc/GMT kwenye orodha ya kanda yana alama kinyume, Etc/GMT+3 maana yake masaa matatu NYUMA ya UTC siyo mbele, ndivyo utaratibu wa zamani wa POSIX (viwango vya mifumo ya aina ya Unix) ulivyo. Mtu ana kosa la masaa 3, anachagua hiyo akidhani anatibu, anaishia na kosa la masaa 6. Ukiona 6 mahali ambapo ulitarajia 3 basi anzia hapo.

Mtego wa pili umenila usiku kadhaa: umebadilisha ukanda, ukurasa wa mipangilio unaonyesha sawa, date inaonyesha sawa, logi bado zina saa ya zamani. Programu inayokimbia muda mrefu husoma ukanda mara moja inapoanza na kubaki nao, haina habari kwamba umebadilisha. Tena mbaya zaidi, kwenye faili hilo hilo moja unakuta mistari ya VPN ina saa mpya kwa sababu uliianzisha upya, na mistari ya vichujio vya pakiti ina saa ya zamani, zimechanganyika. Anzisha upya huduma ya logi na kila huduma inayoandika, na kama ni faiwoli inayoruhusu kuzimwa dakika mbili, zima uwashe yote, ni salama kuliko kukumbuka huduma moja moja.

Chanzo cha mengi ya haya ni muundo wenyewe wa zamani wa syslog, njia ya kawaida ya vifaa kutuma logi. Ule wa RFC 3164 (RFC ni nyaraka za kiufundi za intaneti) wa mwaka 2001 unaandika mwezi, siku, saa, dakika na sekunde, basi. Hakuna mwaka, hakuna ukanda. Mpokeaji anabaki kukisia, na kila mwaka mpya unaona logi za Desemba 31 zilizochelewa njiani zinapewa mwaka usio wao. RFC 5424 ya 2009 iliweka tarehe kamili pamoja na tofauti yake na UTC, kitu kama 2024-05-03T02:14:37+03:00, na kama faiwoli yako inaweza kuitoa hivyo basi iwashe leo. Ile kesi ya kijana isingekuwepo kabisa kama hizo herufi sita za mwisho zingekuwepo. Kama kifaa kinatoa namba ya sekunde tangu 1970 nayo ni nzuri, ila hesabu tarakimu: 10 ni sekunde, 13 ni milisekunde, 19 ni nanosekunde, mpokeaji akisoma ya 13 kama sekunde anakupeleka mwaka elfu hamsini na kitu.

Upande wa NTP, amri ya ntpq -p, inayoorodhesha seva za saa, inakuambia mengi. Angalia safu ya reach, 377 ni kwamba maombi manane ya mwisho yote yamejibiwa, 0 ni kwamba hakuna jibu hata moja, na hapo mara nyingi ni faiwoli imejizuia yenyewe UDP 123 (poti ya NTP) kwa sheria zake, au inatoka kwa anwani ambayo huko mbele haina njia ya kurudi. Stratum (ngazi ya umbali kutoka chanzo cha saa) ikiwa 16 ni seva ambayo yenyewe haijapata saa. Na hili wengi hawalijui: ntpd, programu inayoendesha NTP, ikikuta tofauti imezidi sekunde 1000 inakataa kurekebisha na inajizima, isipokuwa umeianzisha na -g. Kwa hiyo betri imekufa, umeme umekatika, faiwoli imeamka miaka ya nyuma, ntpd imeona pengo kubwa ikajiondokea, na umebaki na logi za 1970. Ongezea kwamba kwa saa hiyo vyeti vyote vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika na DNSSEC (uhakiki wa majina ya mtandaoni) nayo inagoma, hivyo hata jina la seva ya NTP halipatikani. Weka angalau anwani moja ya namba ya seva ya ndani.

Kuna logi ambazo hazijakosea lakini zinaonekana zimekosea. Faiwoli nyingi huandika kikao cha muunganisho kinapoisha, siyo kinapoanza. Mtu kaunganisha 10:00, kakata 10:40, mstari unasoma 10:40 na seva inasema 10:00. Tafuta uga wa muda wa kuanza, au toa urefu wa kikao, na utaona vinafanana. Faiwoli za Palo Alto kwa kawaida yake ziko hivi.

Kuhusu logi za zamani zilizoandikwa na saa mbovu, tafadhali usizihariri. Ziache zilivyo, pima tofauti dhidi ya saa ya kuaminika kabla hujarekebisha, andika kuanzia lini mpaka lini na ni kiasi gani, na siku ya kurekebisha weka mstari wako mwenyewe kwenye logi unaosema saa ilikuwa hivi na sasa ni hivi. Kwa saa inayoteleza, pima mara mbili siku tofauti ili ujue inateleza kwa kasi gani, vinginevyo huwezi kurudi nyuma kwa usahihi.

Kwenye ile kesi niliandika sentensi moja juu ya ripoti: logi zote za faiwoli zilizomo humu ni UTC, ongeza masaa 3. Tukapanga upya matukio kwa mstari mmoja wa saa, kijana akatolewa kwenye orodha ya washukiwa mchana ule ule, halafu ndio tukaanza kumtafuta aliyeingia 02:14.