Baba anapoelemewa: maswali na majibu kuhusu kupata msaada

Maswali haya akina baba wengi na wake zao hukaa nayo moyoni, wakayauliza kwa sauti ya chini au wasiyaulize kabisa. Nimeyajibu zaidi kwa kuangalia hali ya Kenya, kisha nikagusia Tanzania na ughaibuni. Kama unasoma ukiwa na mawazo ya kujiua, acha maelezo yangu kwa sasa, upige simu: Befrienders Kenya 0722 178 177, au Msalaba Mwekundu wa Kenya 1199, ambayo ni ya bure.

Mtoto wetu ana miezi minne. Aliyezaa ni mke wangu, mbona niliyevunjika ni mimi?

Sonona ya uzazi, ambayo wengine huiita unyogovu, haiwapati akina mama peke yao. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, James Paulson na Sharnail Bazemore, walijumlisha tafiti za nchi mbalimbali wakakuta kwamba karibu baba 1 kati ya 10 huwa na sonona katika kipindi cha kuanzia ujauzito hadi mtoto afikishe mwaka mmoja. Idadi ilikuwa kubwa zaidi mtoto akiwa na umri wa miezi 3 hadi 6. Tena, mama akiwa na sonona, mara nyingi baba naye huwa nayo.

Ukiitazama miezi hiyo utaona sababu zake. Wageni wa kuja kumwona mtoto wameisha. Likizo ya baba, ambayo sheria ya Kenya inaihesabu wiki mbili na ya Tanzania siku tatu, ilipita zamani. Usingizi umekatikakatika kwa miezi, deni la uzazi halijaisha, na kila anayepiga simu anauliza, "Mama na mtoto wanaendeleaje?" Hakuna aliyekukosea kwa kuuliza hivyo. Lakini miezi minne ya kutoulizwa ni mingi.

Sioni kama nina huzuni. Nina hasira tu, mgongo unauma, na kurudi nyumbani kumekuwa kuzito. Hiyo ni sonona kweli?

Yaweza kuwa. Wanaume wengi sonona haiwajii kwa machozi. Huja kwa mwili: kichwa, mgongo, tumbo lisilotulia, moyo kwenda mbio usiku. Huja kwa hasira ya vitu vidogo, sahani iliyoanguka au mtoto anayelia. Huja kwa chupa ya pili na ya tatu kwa mtu aliyekuwa akiishia moja, kwa kubahatisha kwenye kamari, au kwa kazi zisizoisha ili mradi mtu asifike nyumbani watoto wakiwa macho. Wengine husema tu, "Nina mawazo," na anayesikia hudhani ni mambo ya pesa.

Ndiyo maana baba huzunguka hospitali kwa miezi akipimwa malaria, taifodi na presha, akapewa dawa za maumivu, akarudi kazini. Vipimo hivyo si vibaya, na maradhi kama kisukari au matatizo ya tezi ya shingo huweza kumchosha mtu kwa namna hiyo hiyo, kwa hiyo yafaa yachunguzwe. Lakini ikiwa wiki mbili zimepita, hali ipo karibu kila siku, na mambo uliyoyapenda hayakugusi tena, mwambie mhudumu wazi kwamba hata moyo hauko sawa. Asipoambiwa hilo, huenda asiulize.

Sina pesa za daktari wa magonjwa ya akili. Nianzie wapi?

Anzia pale unapompeleka mtoto chanjo. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu mlango huo upo karibu na watu hawautumii. Mtoto wa Kenya huchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha hurudi akiwa na miezi 9 kwa chanjo ya surua. Safari ya wiki 14 inaangukia mwanzoni mwa miezi ambayo baba huelemewa zaidi. Kwa maoni yangu kila kliniki ya mtoto ingepaswa kuwa na swali moja la baba. Hadi hilo liwe kawaida, nenda na mkeo siku ya chanjo, na mkimaliza omba kuonana na muuguzi au afisa wa kliniki faraghani.

Maneno ya kuanzia huwa ndiyo kikwazo, basi chukua haya: "Tangu mtoto azaliwe sijalala vizuri, nakasirika ovyo, na wakati mwingine naona heri nisingekuwepo. Naomba unipime sonona." Huenda ukaulizwa maswali tisa mafupi kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, nguvu, umakini, na kama umewaza kujidhuru. Hapo jibu kweli, hata kama aibu inakuzuia, maana matibabu yatafuata majibu yako. Hali ikiwa ya wastani, utaelekezwa kwa mshauri nasaha. Ikiwa nzito, utapewa rufaa: hospitali ya kaunti, Port Reitz kwa watu wa Mombasa, hospitali ya rufaa ya Moi kule Eldoret, au Mathari, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili jijini Nairobi. Kufika Mathari hakumaanishi kufungiwa ndani, kwani wagonjwa wengi huonwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Ukiwa umejisajili SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali hugharamiwa na mfuko wa umma. Kujisajili kwenyewe ni bure.

Nikipewa dawa, nitazitegemea maisha yangu yote?

Dawa za sonona zinazotumika sana, kama fluoxetine, hazileti uraibu wa kutaka kuongeza kila siku kama pombe inavyofanya. Tatizo lake ni jingine: huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, kabla hujaona nafuu, ilhali kichefuchefu na kukosa utulivu huweza kuja siku za mwanzo. Wengi huacha hapo. Usiache ghafla, na usinywe pombe juu yake. Kama siku hizo za mwanzo mawazo ya kujiua yanazidi, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Na ikiwa mawazo hayo yapo, mke au ndugu ndiye awe anaziweka dawa na kukupa ya siku.

Nikipiga zile namba, si nitafuatwa na polisi?

Woga huu una asili yake. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na watu waliookolewa walijikuta kizimbani. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi, kwa uamuzi wa Jaji Lawrence Mugambi, ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kesi ililetwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili na wenzao.

Hata kabla ya hapo, kusema kwamba umeelemewa hakukuwa kosa. Anayepokea simu atakusikiliza. Huhitaji kutaja jina lako halisi. Atakuuliza bila kuzunguka kama unafikiria kujiua, kama uko peke yako, na kama kuna kitu karibu nawe ambacho ungeweza kujidhuru nacho. Anauliza hivyo ili ajue namna ya kukusaidia uvuke usiku huo. Namba isipopokelewa, jaribu ya pili, kisha mwamshe mtu.

Mume wangu amesema, "Mngekuwa bora bila mimi." Amenyamaza sasa. Nifanye nini usiku huu?

Mama, yachukulie maneno hayo kwa uzito wake wote. Usimjibu, "Acha mawazo mabaya," wala usimkumbushe watoto wake kana kwamba amewasahau. Mara nyingi ndio anaowafikiria, na anaamini yeye ni mzigo kwao. Kaa karibu naye umuulize kwa jina la kitu chenyewe: "Baba Amina, unafikiria kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Wengi hupumua wanaposikia mtu amethubutu kulisema.

Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata dakika moja, hata chooni kuwe na mtu mlangoni. Ondoa dawa za kuua wadudu wa mimea na za kuoshea mifugo, vidonge vyote vya nyumbani, na chochote alichokitaja, ukampe jirani akae navyo kwake. Hili wengine huliona dogo, nami naliona kubwa kuliko nasaha nyingi, kwa sababu msukumo wa kujiua mara nyingi hupanda kisha ukashuka, na kuchelewesha kwa saa chache huokoa maisha. Pombe nayo iondoke.

Kisha mwite mwanamume mmoja anayemheshimu, kaka au rafiki, aje sasa hivi. Pigeni 1199 mkiwa pamoja. Ikiwa ana mpango, ameshaanza kujidhuru, au anasikia sauti, mpelekeni kwenye idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, watu wawili pamoja naye, asiende peke yake kwa bodaboda. Mkifika msiseme "anaumwa kichwa", mkaishia kwenye foleni ndefu. Semeni, "Amesema anataka kujiua."

Na kama ghadhabu yake imekugeukia wewe au watoto, tokeni kwanza kwa usalama, msaada wake muuombee mkiwa nje. Namba 1195 ni ya bure kwa wanaofanyiwa ukatili. Maradhi yake si sababu ya wewe kuvumilia kipigo.

Mtoto wetu alizaliwa amefariki. Watu walimpa pole mke wangu, mimi nikapewa kazi ya kaburi.

Pole sana, baba. Wewe pia umefiwa. Mila zetu nyingi humpa mwanamume majukumu ya msiba, naye hupata nafasi ya kulia wiki nyingi baadaye, wakati wengine wameshasahau. Mtaje mtoto wenu kwa jina mlilomchagulia, wewe na mkeo, hata kama kila mmoja analia kwa wakati wake. Usipoweza kula, kulala au kufanya kazi baada ya wiki kadhaa, hiyo inatosha kuwa sababu ya kumwona mshauri nasaha. Hospitali mlikojifungulia yaweza kuwa naye, muulizeni.

Je, nimwone sheikh au mchungaji badala yake?

Mwone, na hospitali nenda. Kiongozi mwema wa dini atakusindikiza huko mwenyewe. Anayekuambia utupe dawa au uamini umerogwa na ulipe ili ufunguliwe, mwache.

Niko nje ya Kenya.

Tanzania, kituo cha simu cha Wizara ya Afya ni 199, bila malipo. Muhimbili ina idara ya magonjwa ya akili, Dodoma ipo Hospitali ya Mirembe, na Zanzibar ipo Kidongo Chekundu. Uingereza piga Samaritans 116 123. Marekani piga 988, na mtu akipokea sema tu "Swahili" ili atafutwe mkalimani.

Ametoka hospitali jana. Amecheka, amekula. Tumevuka?

Bado kidogo. Wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa ni za hatari, na utulivu wa ghafla si kipimo. Vitu mlivyohamishia kwa jirani viendelee kukaa huko. Rafiki aliyekuja usiku ule apite kila jioni, hata kama ni kuangalia mpira tu. Tarehe yake ya kurudi kliniki iandikeni pale pale kwenye kijitabu cha mama na mtoto, chini ya tarehe ya chanjo, na siku hiyo mwende pamoja.