Je, wajua? Vlad wa Wallachia aligeukaje kuwa Dracula mnyonya damu?

Muulize mpenzi yeyote wa sinema za kutisha Dracula ni nani, atakuambia ni mfu anayelala jenezani mchana na kutoka usiku kunyonya damu za watu. Akiwa amesomasoma kidogo, ataongeza kwamba Dracula alikuwepo kweli: mtawala katili wa Romania aliyekuwa akiwachomeka watu kwenye miti iliyochongwa, na mwandishi mmoja Mwingereza akamtungia riwaya.

Nyongeza hiyo ndiyo yenye kasoro. Kwanza Bram Stoker, aliyeandika riwaya hiyo mwaka 1897, alikuwa Mwairishi, mzaliwa wa Dublin. Pili, na hili ndilo kubwa, Stoker hakumgeuza mtawala huyo kuwa mnyonya damu. Alichukua jina lake na habari za mistari michache. Kazi iliyobaki ilifanywa na wasomaji na watengenezaji filamu, tena miaka mingi baada ya Stoker kufariki mwaka 1912.

Tuanze na mtu mwenyewe. Vlad wa Tatu alizaliwa karibu na mwaka 1431 huko Transylvania, eneo ambalo leo ni sehemu ya Romania, yamkini katika mji wa Sighișoara. Mwaka huohuo baba yake, Vlad wa Pili, alipokewa katika Jumuiya ya Joka, chama cha wakuu wa Kikristo kilichoundwa na Mfalme Sigismund wa Hungaria ili kupambana na Waturuki. Kwa ajili hiyo baba akaitwa Dracul, yaani Joka, na mwana akawa Dracula, yaani mtoto wa Dracul. Jina hilo halikumtia aibu. Vlad mwenyewe alilitumia kutia saini barua zake.

Nchi yao, Wallachia, ambayo leo ni kusini ya Romania, ilikuwa imebanwa kati ya Hungaria kaskazini na Dola ya Uthmaniya kusini, na kila aliyekalia kiti chake ilimbidi achague bwana wa kumtii. Mwaka 1442 baba aliwaacha wanawe wawili, Vlad na Radu, mikononi mwa Sultani wawe rehani ya utii wake. Radu alibaki huko na kupendwa. Vlad aliporudi kwao, alirudi na chuki.

Utawala wake wa maana ni ule wa 1456 hadi 1462, na ukatili wake haukubuniwa na mtu. Februari 1462 alimwandikia Mfalme Matthias Corvinus wa Hungaria akimhesabia, mji kwa mji, watu zaidi ya 23,000 waliouawa na jeshi lake kando ya mto Danube. Usiku wa tarehe 17 Juni mwaka huo alivamia kambi ya Sultani Mehmed wa Pili, yuleyule aliyeiteka Konstantinopoli mwaka 1453, akikusudia kumuua hemani mwake. Alimkosa. Sultani aliposonga hadi karibu na mji mkuu wa Târgoviște, alipokewa na uwanja mzima wa maiti zilizochomekwa mitini. Mwanahistoria wa Kigiriki Chalkokondyles anataja watu 20,000, wanawake na watoto wachanga wakiwemo.

Hata hivyo, watu wa zama zake hawakumsimulia kwa namna moja. Yapo masimulizi ya Kirusi yaliyoandikwa katika miaka ya 1480, miaka michache tu baada ya kifo chake, yanayosema kwamba Vlad aliweka kikombe cha dhahabu penye kisima cha njiani ili kila mpita njia anywee maji, na hakuna aliyethubutu kukiiba siku zote za utawala wake. Huyo ni mtawala wa kuogopwa, lakini bado ni binadamu, na kuna waliomsifu kwa hilo.

Sifa yake mbaya iliyozagaa Ulaya ina wenyewe. Wafanyabiashara Wasaksoni wa Brașov na Sibiu, miji ya Transylvania, watu wenye asili ya Kijerumani, waligombana na Vlad juu ya biashara na juu ya kuwahifadhi wapinzani wake, naye akawaua wengi wao. Mfalme Matthias naye alikuwa na lake la kuficha. Alipokea fedha za Papa Pius wa Pili kwa ajili ya vita dhidi ya Waturuki, hakupigana, kisha mwishoni mwa 1462 akamtia kifungoni Vlad, mshirika wake mwenyewe. Ilimpasa awaeleze wenzake sababu. Wakati huo mitambo ya kuchapa ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kazi Ujerumani, na vijitabu vya visa vya Dracula vikapata soko kubwa, vikaendelea kuchapwa hata mwenyewe alipokwisha kufa. Katika kile kilichotolewa Strasbourg mwaka 1500 mna picha iliyochongwa kwenye ubao: Vlad ameketi mezani na chakula mbele yake, kando kuna msitu wa watu juu ya miti, na mtu mwenye shoka anakatakata viungo vya maiti. Mshairi wa Kijerumani Michael Beheim, aliyetunga miaka hiyo ya 1460, anadai kwamba Vlad alinawa mikono kwa damu ya waliouawa kabla ya kula.

Damu ipo na meza ipo. Mfu anayefufuka hayupo. Nalisisitiza hili kwa sababu waandishi wa vijitabu hivyo walikuwa na kila sababu ya kumpakaza Vlad uovu wowote uliowajia kichwani, na bado hawakumsingizia kwamba alikuwa mnyonya damu wa kaburini.

Habari za huyo mnyonya damu zilifika Ulaya ya magharibi kwa njia nyingine kabisa, takriban miaka 250 baadaye. Mwaka 1725, katika kijiji cha Kisiljevo nchini Serbia, sehemu iliyokuwa chini ya Austria, alifariki mwanakijiji aitwaye Petar Blagojević. Katika siku chache zilizofuata wakafa wengine tisa, na kabla ya kukata roho walisema marehemu aliwajia usingizini na kuwalalia. Wanakijiji wakamshurutisha ofisa wa Austria ashuhudie kaburi likifukuliwa. Taarifa yake inaeleza mwili ambao haukuoza walivyotarajia, ngozi ya juu iliyobanduka na kuacha ngozi nyingine chini, na damu mbichi mdomoni. Wakamchoma kwa mti uliochongwa, kisha wakamteketeza. Leo tunajua kwamba gesi za kuoza huufutusha mwili na kusukuma majimaji mekundu hadi kinywani, na kwamba ngozi ya juu hubanduka yenyewe. Gazeti la Vienna likaichapa taarifa hiyo, na Ulaya nzima ikaanza kuwazungumza wanyonya damu.

Angalia lakini: Blagojević alikuwa mtu wa kijijini. Hana ngome, hana joho jeusi, hana adabu za kikabaila. Nani basi alimpandisha mnyonya damu cheo hadi akawa bwana mkubwa?

Aliyefanya hivyo alikuwa daktari kijana, John Polidori, na alimtumia mtu halisi aliyekuwa hai. Juni 1816 Polidori alikuwa pamoja na mwajiri wake, mshairi mashuhuri Lord Byron, katika nyumba ya kupanga kando ya Ziwa Geneva. Hali ya hewa ilikuwa mbaya ajabu, kwani majivu ya volkano ya Tambora iliyolipuka Indonesia mwaka 1815 yalikuwa yamevuruga majira. Wamekwama ndani kwa mvua, wakakubaliana kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Byron alianza yake akaiacha. Polidori, ambaye baadaye mwaka huohuo aliachishwa kazi, aliliokota wazo hilo akaandika hadithi ya kabaila mrembo wa uso, baridi wa moyo, anayeangamiza kila anayemkaribia. Wasomaji walimtambua Byron mara moja. Hadithi ilipotoka mwaka 1819 ilichapishwa hata kwa jina la Byron, naye akalazimika kuikana. Tangu hapo wanyonya damu wa vitabuni wakawa watu wa ukoo.

Stoker alirithi mnyonya damu huyo wa tabaka la juu. Alikuwa meneja wa jumba la maonyesho la Lyceum mjini London, na kumbukumbu zake za kazi zimehifadhiwa Philadelphia, Marekani. Humo unamwona akihangaika. Kwanza mhusika wake aliitwa Count Wampyr, na kwao kulikuwa Styria, Austria. Kisha, katika likizo ya mwaka 1890 kwenye mji wa pwani wa Whitby, aliazima maktabani kitabu cha William Wilkinson cha 1820 kuhusu Wallachia na Moldavia. Ndani yake alikuta maelezo mafupi ya voivode, yaani mtawala, aitwaye Dracula aliyevuka Danube kupigana na Waturuki, na tanbihi isemayo kwamba kwa lugha ya Wallachia jina hilo ni shetani. Stoker akainakili tanbihi hiyo. Wampyr akafutwa, Dracula akaingia.

Ushahidi wa kwamba hakujua mengi zaidi umo riwayani kwenyewe. Jina Vlad halimo. Kuchomeka watu mitini, kitu ambacho mtunzi wa hadithi za kutisha asingekiacha kama angekifahamu, hakumo. Kabaila wa Stoker anajisifu kuwa Mszekely, kabila ambalo Vlad hakuwa wa kwao, na ngome yake iko kaskazini ya Transylvania karibu na njia ya mlimani ya Borgo, si Wallachia. Stoker hakuwahi kukanyaga huko. Kabaila huyo anakufa kwa visu viwili, wala si kwa mti wa kuchomwa moyoni. Kinachomuunganisha na mtu wa historia ni maneno machache: mhusika mmoja anakisia kwamba huenda ndiye voivode yule aliyejipatia jina vitani na Waturuki.

Mlango huo mdogo ndio uliokuja kupanuliwa. Mwaka 1972 maprofesa wawili wa Boston, Raymond McNally na Radu Florescu, walitoa kitabu kilichomtangaza Vlad duniani kuwa ndiye Dracula wa kweli. Miaka 20 baadaye, filamu ya Francis Ford Coppola ilianza kwa vita vya 1462 na kumwonyesha Vlad akimkana Mungu na kuwa mnyonya damu papo hapo. Tangu hapo imekuwa vigumu kuwatenganisha.

Kwa nini waliungana kwa urahisi namna hiyo? Nadhani ni kwa sababu tunamwogopa zaidi zimwi lenye mwaka wa kuzaliwa. Halafu Vlad alikuja na vitu ambavyo mtunzi angelazimika kubuni. Miti iliyochongwa, chombo chake cha mateso, ni silaha ileile ya kumwulia mnyonya damu. Hata kaburi lake halijulikani. Aliuawa mwishoni mwa 1476 au mwanzoni mwa 1477, na mapokeo yanasema alizikwa katika monasteri ya kisiwa cha Snagov. Wachimbuzi walipofungua mahali hapo katika miaka ya 1930 walikuta mifupa ya wanyama. Kaburi lisilo na mwenyewe ni nafasi ambayo hadithi huijaza upesi.

Nasi tunaifahamu kazi hii ya kuunganisha. Wakati wa ukoloni watu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala waliogopa mumiani, na wengi waliamini kwamba wazimamoto, watu wenye sare na magari ya kuonekana, ndio wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu. Zimwi lilipewa mwajiri. Upande mwingine yupo Kinjeketile Ngwale, mganga wa Ngarambe, ambaye wazee walisimulia kwamba roho ya Hongo ilimchukua hadi ndani ya maji ya bwawa, akatoka kesho yake nguo zikiwa kavu. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipoanza. Ebrahim Hussein alipomwandikia tamthilia alimwambia msomaji waziwazi, katika utangulizi, kwamba Kinjeketile aliishi kweli ila huyu wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu. Naiheshimu sana hatua hiyo. Haikuipunguzia tamthilia nguvu hata kidogo, na ilimwachia marehemu historia yake.

Warumania hawakupata utangulizi wa aina hiyo. Kwao Vlad ni mtetezi wa nchi. Mwaka 1881 mshairi wao mkuu, Mihai Eminescu, alimwita arudi awaadhibu mafisadi, na katika ngano zao za wafu wanaorudi, wale waitwao strigoi, Vlad hakuwa mmoja wao. Wageni wanafika wakiulizia ngome ya Dracula, nao hupelekwa Bran, ngome ambayo Vlad hakuwahi kuimiliki. Mwaka 2001 serikali ilitangaza mpango wa kujenga bustani kubwa ya burudani ya Dracula karibu na Sighișoara, mji mkongwe uliomo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wakazi na wahifadhi wa mambo ya kale waliupinga kwa nguvu. Mpango ukahamishiwa Snagov, kisha ukaachwa kabisa.